Naomba ushauri: nahamishia kanzidata ya maduka ya dawa kwenye wingu, nimekwama kujiunganisha

Kihonda_Kwetu:
Wakuu, salaam. Nimemtengenezea shangazi yangu programu ya mauzo na stoo kwa maduka yake matatu ya dawa hapa Morogoro. Kanzidata ni PostgreSQL, na ilikuwa inakaa kwenye kompyuta ya duka kubwa. Wiki iliyopita umeme ulikatika mara mbili mchana mmoja, mashine ikagoma kuwaka, mauzo ya siku nne yakapotea. Shangazi hakunilaumu, lakini kumwona usiku anahesabu paketi moja moja na daftari mkononi kuliniuma sana.

Sasa nataka huduma ya wingu, yaani kanzidata ikae kwenye seva ya kampuni tuifikie kwa intaneti, na kampuni yenyewe iitunze na kuisasisha. Nimejisajili mpango wa bure, kanzidata imefunguka, ila programu ikitaka kuunganisha inaleta kosa kwamba haipati seva yenye jina linaloanzia "2024@db". Pia, seva nichague ya nchi gani? Na huu wa bure utanitosha? Natanguliza shukrani.

FundiWaNyaya:
Pole mkuu, na shangazi mpe pole. Nywila yako ina alama ya @ katikati, sivyo? Kwenye anwani ya kuunganishia, @ ndiyo inayotenganisha nywila na jina la seva. Programu imekutana na @ ya kwanza, ikaona nywila imeishia hapo, kipande kilichobaki ikakifanya mwanzo wa jina la seva. Mahali pa @ ya nywila andika %40.

Ila kabla ya yote badili nywila, maana mwisho wake umeshaubandika hapa mbele ya kila mtu.

Kihonda_Kwetu:
Kweli kabisa, ni @! Nabadili sasa hivi.

Bi_Chumbageni:
Mdogo wangu, wa bure tumia kujaribia tu. Kwa mfano Supabase, moja ya huduma za PostgreSQL kwenye wingu, wanakupa MB 500, na mradi usipoguswa wiki nzima unasimamishwa. Nakala rudufu za kila siku zinaanzia kwenye mpango wa kulipia. Ukibaki bure, chukua nakala mwenyewe kwa pg_dump (programu ya PostgreSQL ya kutoa nakala) na uihifadhi kwingine. Halafu ijaribu kuirudisha kwenye kanzidata tupu, uone mauzo yanarudi yote.

Ukienda RDS ya Amazon (huduma yao ya kanzidata), jua kwamba ukiisimamisha inajiwasha yenyewe baada ya siku 7, na hata ikiwa imesimama nafasi ya diski unailipia. Weka tahadhari ya bajeti siku hiyohiyo unayoingiza kadi.

Nchi: Amazon wako Cape Town tangu 2020 (eneo hilo lazima uliruhusu kwanza kwenye akaunti), Google wako Johannesburg tangu 2024. Usichague kwa kuangalia ramani. Pima kutoka dukani kwa mtandao uleule mnaoutumia, kwa sababu njia ya nyaya si lazima ifuate umbali.

Mzee_wa_Seva:
Niongeze jambo ambalo vijana wengi hulipuuza. Utaulizwa anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti) zinazoruhusiwa kuifikia kanzidata. Intaneti ya bando hubadilisha anwani kila mara, kwa hiyo mtu akichoka anaandika 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima iruhusiwe kubisha hodi. Mwaka 2017 kanzidata nyingi mno za MongoDB (aina nyingine ya kanzidata) zilizoachwa wazi bila nywila zilifutwa na wahalifu, na wenye nazo wakadaiwa fedha. Kompyuta za dukani zisiguse kanzidata moja kwa moja. Weka programu ndogo katikati, kwenye seva yenye anwani isiyobadilika, na hiyo pekee ndiyo uiruhusu.

FundiWaNyaya:
Na je, mnaandika majina ya wagonjwa? Kama ndiyo, kasome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa za afya ni nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake.

Kihonda_Kwetu:
Majina yalikuwepo kwa wanaokopa. Nitayabakiza kwenye daftari la shangazi mpaka nielewe sheria. Imeunganika wakuu, asanteni mno! Nimejaribu kurudisha nakala ya mwezi uliopita, imekubali. Dada Chumbageni, pg_dump niipange saa ngapi? Tunafunga saa 4 usiku.

Bi_Chumbageni:
Saa 6 usiku panafaa. Ila seva nyingi hufuata UTC (saa ya kimataifa), iliyo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo kwenye ratiba andika 21:00.