Nje rangi inatembea yenyewe, nikirudi studio picha inakufa. Naombeni ushauri

MkonoWaRangi (Pangani)

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mchoraji, huu ni mwaka wa sita. Nachora picha dhahania: hakuna mtu, hakuna mnazi, hakuna twiga, ni rangi na mistari tu. Sianzi na mpango. Naweka rangi ya kwanza, naitazama, na yenyewe ndiyo inaniambia ya pili iwe ipi na ikae wapi.

Sasa shida. Asubuhi navuka na kivuko kwenda Bweni, nina karatasi ndogo, kopo la maji na rangi nne za akriliki. Masika hii mto unashuka na tope, na pale unapoingia baharini maji ya kahawia na ya kijani hayachanganyiki papo hapo. Unaona mstari kati yao, unatembea, unavimba huku, unakatika kule. Nachuchumaa mchangani naufuata kwa brashi, hata karatasi siitazami. Nikirudi na karatasi kumi, saba au nane zina uhai. Nyingine zina mchanga umegandia kwenye rangi, na hata huo unapendeza.

Mchana naingia studio (ni stoo ya nyuma, dirisha moja). Natundika ukutani amerikani ya mita mbili kwa moja na nusu, pembeni nabandika ile karatasi nzuri kuliko zote, naanza. Haipiti nusu saa nimeshaiua. Mistari inakakamaa. Naongeza rangi ili kuokoa, inakuwa uji wa kijivu. Wiki iliyopita nimepaka nyeupe juu ya picha tatu mfululizo, na ya tatu nilikaa chini nikalia, sioni haya kusema.

Tena kuna jambo lingine: nayeyusha rangi kwa maji mengi ili itiririke, lakini ikishakauka ukipitisha kidole inatoka vumbi.

Nakosea wapi? Na ninyi mnajuaje kwamba picha imekwisha?

BintiMvita (Mombasa)

Pole kaka yangu. Yalinikuta hayo hayo miaka minne, na aliyenitoa alikuwa mama mmoja anayepaka nyumba chokaa, wala si mwalimu wa sanaa.

Kwanza itoe hiyo karatasi ukutani. Ukiibandika pembeni macho yatakuwa yanakwenda na kurudi, na tayari unanakili. Kule Bweni hukunakili kitu, ulikuwa unafuata. Ni kazi mbili tofauti kabisa, ingawa brashi ni ile ile.

Pili, angalia mkono. Kwenye karatasi ndogo mstari unatoka kwenye kifundo. Kwenye mita mbili kifundo hakifiki, kwa hiyo unauvuta mstari vipande vipande, ndiyo maana unakakamaa. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua brashi pana ya chokaa, ifunge kwenye mpini wa fagio. Kitambaa kishushe sakafuni ukizunguke kwa miguu. Jackson Pollock, mchoraji wa Marekani, alifanya hivyo ghalani kwake Long Island, New York, mwishoni mwa miaka ya 1940, akiingia kwenye picha kutoka pande zote nne. Kabla hujachovya, fumba macho uuchore ule mstari wa maji hewani, kwa bega zima, hadi usilazimike kuukumbuka.

FundiTurubai (Dar es Salaam)

Nijibu la vumbi, maana hapo hisia hazina kosa.

Akriliki ni chembe za rangi zilizoshikwa na gundi ya plastiki. Ukizidisha maji gundi inakuwa haba, chembe zinabaki hazina wa kuzishika. Punguza maji, ongeza mediamu ya akriliki (ni gundi ile ile bila rangi), ile ya majimaji. Rangi itatiririka vile vile na itashika. Halafu amerikani ya dukani inakuja na wanga wa kiwandani. Iloweke usiku kucha, ifue, ianike. Hapo itakunywa rangi badala ya kuiacha ielee juu.

Usije ukajaribu rangi ya mafuta kwenye kitambaa kitupu, mafuta yanakula nyuzi. Na hapa mleta mada kuna kisa kinachokuhusu sana. Mwaka 1952 mchoraji wa Marekani, Helen Frankenthaler, alikwenda Nova Scotia, Kanada, akachora mandhari nje kwa rangi za maji, kwenye karatasi ndogo kama zako. Aliporudi New York alitandika sakafuni turubai lisilopakwa kitu, karibu mita tatu kwa upana, akatia mistari michache ya mkaa, akamwaga rangi ya mafuta iliyoyeyushwa kwa tapentaini. Ndiyo picha yake "Mountains and Sea" (Milima na Bahari). Baadaye alieleza kuwa mandhari yale yalikuwa mikononi mwake wakati anaichora. Miaka ya 1960 akahamia akriliki.

DukaLaForodhani (Unguja)

Mkuu mimi nauza picha kwa watalii. Kwa nia njema kabisa: weka jahazi dogo pembeni, utauza. Rangi tupu watu wanasifia halafu wanaondoka.

BintiMvita

@DukaLaForodhani kaka, ushauri wa sokoni ni wa kweli na tunakula kutokana nao. Ila hakuuliza auze vipi. Akitia jahazi leo, kesho mkono utakuwa unalitafuta jahazi kabla haujautafuta mstari.

MjukuuWaMchongaji (Mtwara)

Mimi sichori. Babu alikuwa mchongaji wa mpingo, na kuna vinyago vyetu Wamakonde vinaitwa mawingu, havina uso wala mtu. Kwa hiyo hili la kuanza bila mpango si geni kwetu.

Babu akileta gogo hakuligusa kwa tezo siku ile. Analiweka chini ya mwembe, kila akipita analigeuza kidogo kwa mguu. Siku ya pili au ya tatu anabandua ule mti mweupe wa nje, anatazama weusi umeelekea wapi na ufa umeingia hadi wapi. Ufa hakuuficha, aliufuata, mara nyingi ndio uliokuwa ukigeuka tundu la katikati. Wewe unatoka kivukoni mchana huo huo unaanza kuchora. Hebu acha kitambaa kikae.

Haraz (Muscat)

Kuhusu picha imekwisha lini: mtazame Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan. Mwaka 1975 alifungwa gerezani miezi sita bila kufikishwa mahakamani, huko kuchora kulikatazwa. Akachora kwa siri kwenye vipande vidogo vya karatasi, akavifukia mchangani. Tangu hapo picha zake nyingi kubwa huanza na kipande kimoja, kisha anaunga kingine ubavuni, na kingine, bila kujua mwisho wake utakuwa na umbo gani. Kwa hiyo si lazima ukubwa uanze siku ya kwanza. Mimi naacha pale ninapojikuta nasahihisha. Nikishika brashi ili kurekebisha kona, naiosha naondoka.

MkonoWaRangi

Wakuu, narudi baada ya siku kumi na moja. Ahsanteni, na Dada BintiMvita Mungu akuzidishie.

Nimefua amerikani, maji yalitoka meupe kama ya kuoshea mchele, sikutegemea. Niliitandika chini nikaiacha siku mbili, naipita nikienda kuchota maji. Siku ya tatu nilifumba macho nikapunga mkono hadi bega likauma. Mstari wa kwanza niliuvuta nikitembea, hatua tano, kahawia tupu. Ulipofika katikati rangi ilipungua kwenye brashi, mstari ukakatika wenyewe, kama kule mtoni. Zamani ningechovya upesi niuunge. Safari hii nilisimama. Nikamwaga kijani upande wa pili, ikasambaa ikakaribia ile kahawia, ikakauka kabla haijaigusa. Imebaki nafasi nyembamba ya kitambaa kitupu kati yao, upana wa kidole. Nimekaa naitazama jioni nzima na sijaijaza.

Kidole nimepitisha, hakuna vumbi.

Moja nyingine niliiharibu, ile niliyorudi kurekebisha kona. Haraz ulisema.

Kesho bamvua. Navuka na kitambaa chenyewe, mita tatu, nimeshakifua, nikitandike pale pale mchangani maji yakipwa. Kuna mtu amewahi kuchora nje kwa ukubwa huo? Upepo wa kusi unaushikaje?

FundiTurubai

Mawe kwenye pembe nne na moja katikati ya kila upande. Lowesha kitambaa kabla hujaanza, kitalala, na rangi haitakauka haraka juani. Maji ya kulowesha beba ya bomba, usitumie ya bahari, chumvi itaacha madoa meupe.

MjukuuWaMchongaji

Madoa meupe ya bahari ya Pangani, fundi? Mimi ningeacha kipande kimoja kiloweshwe na ya bahari, nione.