Naomba ushauri: Binti yangu yuko kidato cha tano, shule inafungua Jumatatu na hataki kurudi

MamaMbuyuni

Habari za usiku wakubwa kwa wadogo. Naandika kichwa kimejaa, mnivumilie.

Nina binti wa miaka 17. Kidato cha nne alipata divisheni wani, si ya kutisha lakini wani ni wani. Akapangiwa shule ya serikali ya bweni, mkoani, mwendo wa kutwa nzima kwa basi kutoka Dar. Julai nikampeleka mwenyewe. Godoro, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, kila kilichoandikwa kwenye fomu ya kujiunga nilinunua. Ada ya tano na sita serikali ilifuta mwaka 2022, lakini wenye watoto mnajua nauli na mahitaji havikufutwa.

Desemba karudi likizo. Amekonda. Mchana kutwa analala, usiku namsikia yuko macho. Ripoti imekuja: F mbili na S moja, na Advance, yaani hesabu, ana 11 kwa mia. Huyu huyu aliyekuwa anashika namba tatu darasani!

Jana nampigia pasi sare, akaniambia, "Mama usijisumbue, mimi sirudi." Hakulia wala hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya.

Swali langu: nimhamishie shule ya kutwa huku Dar nimwangalie kwa karibu, au nimbane arudi tu, maana nasikia wote huyumba mwaka wa kwanza? Baba yake tulishaachana, namlea peke yangu. Naomba ushauri, matusi hapana.

Kinyozi Mstaafu

Siti ya mbele. Ngoja waje wenye watoto.

FundiTanuri

Mbane arudi dada yangu. Mimi nilisoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, Kanda ya Ziwa enzi hizo, mtihani wa kwanza wa Fizikia nilipata 9. Tisa! Na mwalimu alisoma matokeo kwa sauti kuanzia wa mwisho. Tukapiga msuli, taa zikizimwa tunasoma kwa mshumaa chini ya kitanda. Kuna jamaa yetu aliunguza neti, bweni zima tukatoka nje na mashuka, mlinzi akadhani tumegoma, akampigia simu mkuu wa shule saa nane usiku. Yule jamaa leo ni injinia wa barabara na ana kipara. Kidato cha tano ndivyo kilivyo.

Nuru ya Asubuhi

Mama, chunguza simu. Watoto wa siku hizi simu ndiyo mwalimu wao. Na usishangae kukuta kuna kijana nyuma ya hili. Mpeleke kwenye maombi kabla hujampeleka shule yoyote.

Jogoo la Shamba

Nuru, shule za bweni za serikali simu hairuhusiwi. Huyo kijana anampata kwa njiwa?

Ticha Kaptula

Dada, nafundisha A-level, nisikilize kidogo. Matokeo ya muhula wa kwanza yasikutie kiwewe peke yake. Kidato cha nne C inaanzia alama 45. Kidato cha sita hiyo hiyo 45 ni E, C inaanzia 60, S ni ya chini ya E, na chini ya 35 ni F. Kwa hiyo mtoto wa C anaweza kusoma vilevile, akapata alama zilezile, ripoti ikamwambia ameshuka hadi E. Na mada zinakimbia. Kutoka Julai anaporipoti hadi Mei ya mtihani wa taifa ni miezi 22, toa likizo, toa moko, ile mitihani ya majaribio. Wengi hukaa sawa ifikapo Machi au Aprili.

Ila hiyo ni kwa mtoto anayesoma anachokitaka. Yuko kombi gani, yaani anasoma masomo gani matatu, na nani aliichagua?

MamaMbuyuni

Asanteni sana. Ticha umenitoa gizani kuhusu hizo alama, hakuna aliyewahi kunieleza. Nuru, simu aliniachia mimi tangu Julai na hakuna kijana. FundiTanuri pole na neti. Naomba mnisaidie hilo la kuhama: uhamisho wa serikali kwenda binafsi unachukua muda gani?

Ticha Kaptula

Kombi dada.

Binti Pangani

Nami nasubiri jibu la kombi. Umeruka swali kama umekanyaga kaa la moto.

MamaMbuyuni

PCB, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Anataka kuwa daktari.

Binti Pangani

Anataka yeye au unataka wewe?

MamaMbuyuni

Tofauti iko wapi, mimi si mama yake?

Jogoo la Shamba

😂😂 Hapo sasa.

Ticha Kaptula

Nauliza kwa heshima. Kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua kombi kule shuleni, chaguo lake la kwanza lilikuwa nini?

MamaMbuyuni

Sikutaka kuliweka hili hapa kwa sababu najua mtakavyonirukia, lakini sawa.

Shuleni alijaza HGL, Historia, Jiografia na Kiingereza. Matokeo yalipotoka na dirisha la kubadili kombi mtandaoni likafunguliwa, niliingia mimi nikaweka PCB. Namba yake ya mtihani ninayo, na kila kilichoulizwa pale nilikuwa na majibu yake. Yeye alikuwa kwa bibi yake Muheza. Alijua siku majina yalipotoka. Alinyamaza siku mbili, kisha akaanza kupanga sanduku, nikajua ameelewa.

Kabla hamjatupa mawe: alikuwa na B ya Kemia, B ya Baiolojia na C ya Fizikia. Sifa alikuwa nazo! Mtu ana sifa za PCB, anakwenda kusoma historia na lugha ili iweje? Mimi nafanya usafi hospitali mwaka wa kumi na moja huu. Naona daktari akipita korido watu wanasimama. Naona pia walimu wa historia mtaani kwetu, digrii iko kabatini, wao wanauza vocha. Nimtakie mwanangu lipi?

Na shule ya Dar nimeshalipa nusu ya ada wiki iliyopita. PCB hiyo hiyo, lakini pale wana masomo ya ziada jioni na atakuwa anarudi kulala nyumbani. Kwa hiyo swali langu ni la uhamisho tu.

FundiTanuri

Ahaa. Kumbe tunaombwa baraka, si ushauri.

Binti Pangani

Mama, niruhusu nikwambie langu. Baba yangu naye aliniweka PCM kwa maneno hayo hayo ya "sifa unazo". Sikugoma, nilikwenda. Miaka miwili nikawa nakariri hata michoro. Nikatoka na E mbili na S. Chuo kikuu wanataka prinsipo mbili, yaani masomo mawili ya E kwenda juu, zenye pointi 4 kwa jumla, E moja ina pointi 1. Nikawa na kidato cha sita ambacho hakinipeleki popote. Nikarudi nyuma kuomba diploma kwa cheti cha kidato cha nne, darasani nimekaa na wadogo walionikuta mtaani. Baba mpaka leo anawaambia watu kwamba nilichezea nafasi.

Sasa nina duka la vifaa vya maandishi, sidaiwi na mtu. Lakini ile miaka miwili sijui niihesabie wapi.

Nuru ya Asubuhi

Watoto watiini wazazi wenu. Mzazi haombi ruhusa kumtakia mema mwanawe. Mama usitetereke.

Kinyozi Mstaafu

Nuru wewe mwenyewe umesoma kombi gani?

Nuru ya Asubuhi

Hilo halihusiani.

Mkaa Kimya

Samahani jamani, mimi huwa sichangii, nasoma tu. Lakini hii ni chai, hadithi ya kutunga.

Rudini juu kabisa. Mleta mada anasema binti ana 11 ya Advance. Mtoto wa PCB hasomi Advance! Anasoma BAM, hesabu nyepesi. Advance ni hesabu nzito ya kombi zenye M ya Hisabati: PCM, PGM, EGM na ndugu zao. Mzazi aliyeingia mwenyewe kwenye mfumo akabadili kombi hajui mwanawe anasoma hesabu ipi?

Jogoo la Shamba

Eeeh! Chai ya rangi, tangawizi imezidi. Nani ana vitumbua?

FundiTanuri

Nilijua. Nilipoona tu "usijisumbue, mimi sirudi" nikasema hii ni tamthilia ya saa tatu usiku.

Kinyozi Mstaafu

Hukujua wewe. Ulikuwa unatusimulia neti.

Mkaa Kimya

Kuna lingine. Nimepitia nyuzi za zamani za akaunti hii. Mwezi wa tisa aliomba ushauri wa pikipiki ya mkopo, akaandika "mimi kama baba wa watoto wawili wa kiume". Leo ni mama wa binti. Mleta mada tueleze umejifungua lini.

Jogoo la Shamba

😂😂😂 Nimekabwa na muhogo.

MamaMbuyuni

Akaunti hii ni ya kaka yangu, simu yangu ndogo haina intaneti. Ya pikipiki aliandika yeye. Jina nimebadilisha leo kwa sababu lake lilikuwa la timu ya mpira.

Hiyo Advance na BAM, mimi nimeishia darasa la saba. Kwangu hesabu yoyote ya kidato cha tano ni Advance, ndivyo tunavyoita mtaani. Nimekwenda kutazama ripoti tena sasa hivi, kweli imeandikwa BAM. 11 iko palepale. Mkaa Kimya ukitaka kucheka cheka, mtoto amelala chumba cha pili.

Mkaa Kimya

Tupia picha ya ripoti, ziba jina.

MamaMbuyuni

Ripoti ya mwanangu siweki hapa.

FundiTanuri

Chai.

Binti Pangani

Ninyi mngeweka za wenu? Mama wa darasa la saba kuchanganya BAM na Advance ni ajabu gani? Mimi baba yangu mpaka leo anaamini nilisoma uhasibu.

Jogoo la Shamba

Binti Pangani unatetea sana. Isije ikawa nawe unatumia akaunti ya kaka.

Ticha Kaptula

Mimi sijali kama ni chai au maji. Kila mwaka napokea wazazi wawili watatu wa namna hii ofisini, na wapo wanaosoma hapa bila kuchangia. Najibu kwa ajili yao, dada naye akitaka achukue.

Kwanza usingizi na chakula. Mtoto anayelala mchana, akakesha usiku na kukonda, huyo anaanza kwa daktari, kombi inafuata. Dada uko hospitali kila siku, mpeleke kesho. Mwenyewe anaweza pia kupiga 116, ni simu ya huduma kwa mtoto, haikatwi salio, na miaka 17 bado ni mtoto.

Pili, kuhamia Dar kwenye PCB ileile ni kumbadilishia kitanda. Masomo yatakuwa yaleyale, na safari hii atakuwa analala chumba cha pili anakusikia ukilalamika kuhusu ada.

Tatu, kombi hubadilishwa. Wengi hubadili wiki za mwanzo kwa barua kwa mkuu wa shule, kama kombi ipo pale na nafasi ipo. Januari ni kuchelewa, sitakudanganya, wakuu wengine watakataa. Lakini kabla hujahama shule, nenda ukamuulize mkuu wake kama wana HGL. Ikiwepo, ana miezi 16 hadi mtihani wa Mei mwakani. Historia na Jiografia amezigusa kidato cha nne, daftari za wenzake zipo. Nimeona waliofidia. Akikataa, hapo ndipo uongee na hiyo shule binafsi, uwaulize HGL.

Nne, kama udaktari ndio unaokutoa machozi, fahamu kwamba shahada ya udaktari inataka prinsipo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Kwa F mbili na S hakuna mlango. Angekuwa anautaka yeye, kuna diploma ya utabibu, miaka 3, anaingia kwa cheti chake cha kidato cha nne, na akifaulu vizuri anaruhusiwa kuomba shahada baadaye. Lakini awe anautaka yeye.

Kinyozi Mstaafu

Ticha leo umefundisha. Na wanasheria wanatoka HGL, dada. Nao wakipita korido watu husimama, hasa wenye kesi.

MamaMbuyuni

Ticha nimesoma yote mara mbili. Nikuulize. Nikimwachia hiyo HGL akaja kukosa kazi, nani atalaumiwa?

Ticha Kaptula

Utalaumiwa wewe. Na akikosa kazi ukiwa umemlazimisha PCB utalaumiwa wewe pia. Mzazi halikwepi hilo. Umeshamuuliza kwa nini alijaza HGL?

MamaMbuyuni

Hapana.

Binti Pangani

Mama yuko macho sasa hivi, umesema mwenyewe usiku halali.

MamaMbuyuni

Narudi.

Jogoo la Shamba

Saa nzima sasa. Aidha wanaongea au kaka kachukua simu yake.

MamaMbuyuni

Nimerudi. Kumbe mwalimu wake wa historia kidato cha tatu alimweka kwenye mdahalo wa wilaya, akashinda. Mimi siku hiyo nilikuwa zamu. Cheti kiko kwenye begi lake, sikuwahi kukiona. Amekula wali kidogo. Kurudi bado anasema hapana, ila amekubali twende wote Jumatatu tukamwone mkuu wa shule, tukikataliwa turudi wote. Kesho asubuhi tunapita kwa daktari kwanza.

Sijasema nimekubali HGL. Nimesema tutauliza.

Ticha, swali la mwisho. Ile nusu ya ada niliyolipa Dar, inarudishwa?

Ticha Kaptula

Geuza risiti, soma maandishi madogo ya chini.

MamaMbuyuni

"Ada ikishalipwa hairudishwi kwa sababu yoyote."

Ticha Kaptula

Nenda hivyo hivyo kaongee na mhasibu kabla muhula haujaanza. Nenda na barua, usipige simu. Wengine hurudisha wakikata asilimia.

Mkaa Kimya

Basi tupia picha ya risiti.