Kioo cha 4K kwenye kompyuta ya zamani: tupeane uzoefu, mlifanyaje kikaenda laini?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za muda huu. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu. Mashine ni laptopu ThinkPad T450, kichakato i5 cha kizazi cha tano, ya mwaka 2015. Nimekula nayo chumvi nyingi na sina mpango wa kuiacha. Mwaka jana nikapata kioo cha inchi 27 cha 4K (pikseli, yaani nukta za picha, 3840×2160), used, kwa bei nzuri. Maandishi, jamani, kama yamechapwa kiwandani! Kurasa mbili zinakaa sambamba, na nukta ya juu ya herufi i naiona bila kukodoa macho.

Lakini mshale wa mausi ukawa unaruka. Nikivuta dirisha kutoka kushoto kwenda kulia linakwenda vipande vipande, kama gunia linaloburutwa juu ya kokoto. Nikiandika, herufi inatokea kidole kikiwa kimeshahamia kwingine.

Kila niliyemuuliza alinijibu kwamba mashine imechoka. Nikaongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8, bado. Nikaweka SSD, ikawa inawaka upesi kweli, ila mshale ni ule ule. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya mashine nyingine. Usiku mmoja nikaingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, nikashuka mpaka chini kabisa, nikaona: Hz 30. Yaani picha inabadilika mara 30 tu kwa sekunde, wakati jicho langu limezoea 60.

Kisa chote kilikuwa kiunganishi. T450 haina tundu la HDMI, ina VGA na mini DisplayPort. Mimi nilinunua kile kiunganishi cha bei ya chini cha kutoka mini DisplayPort kwenda HDMI, ambacho kinapitisha HDMI ya toleo la 1.4 tu, na hilo kwa 4K linaishia 30. Tundu lenyewe ni DisplayPort 1.2, linabeba 4K kwa 60 bila shida. Nikatafuta waya wa mini DisplayPort kwenda DisplayPort moja kwa moja, nikachomeka, nikachagua 60. Nilikaa dakika tano nzima nazungusha dirisha tu, linateleza kama mafuta.

Nimeumia kwa sababu nilikaribia kuitupa mashine nzima kwa kosa la waya. Wenye visa kama hiki leteni, tusaidie wengine.

Fundi, Kariakoo

Mkuu, hiyo RAM hukupoteza hela. Kitengo cha picha kilichomo ndani ya kichakato hakina kumbukumbu yake, kinakopa kwenye RAM. 4K ni pikseli milioni 8.3, mara nne ya zile za 1080, na zote zinapita humo. Vipande viwili vya RAM vinafungua njia mbili, kimoja ni njia moja. Kwa watu wenye kipande kimoja huwa naanza na hapo.

Kwangu zinakuja sana Dell Optiplex 7010 kutoka Uingereza, kizazi cha tatu. Hizo DisplayPort zake ni za toleo la zamani, usihangaike na waya, weka kadi ya picha. Mteja mmoja alikuja na GT 710 aliyouziwa dukani kwa maneno "hii ni 4K". Ni kweli inatoa 4K, lakini kwa 30. Alikuwa amefuta programu zake zote akidhani ni virusi. Inayofaa ni GT 1030: HDMI yake ni toleo la 2.0, inakula wati 30 tu, haihitaji waya wa ziada wa umeme, na ipo fupi inayoingia kwenye kasha jembamba. Angalieni iwe yenye kumbukumbu ya GDDR5. Ipo ya DDR4 yenye jina hilo hilo, na inakwenda polepole mno.

Mwalimu, Mombasa

Mie kisa changu ni cha TV. Laptopu yangu ina HDMI nzuri, lakini maandishi mekundu kwenye TV yalikuwa yamevujavuja pembeni, watoto wa somo la jioni walalamika hawasomi. Nilibadili waya mara mbili. Kumbe ni TV: kila tundu la HDMI lina ruhusa yake ya kupokea 4K kamili, na kwangu ilikuwa imezimwa. Niliiwasha, kisha nikaliita tundu lile PC kwenye menyu. Herufi zikakaza papo hapo.

Mwanafunzi, Nairobi

Yangu ilikuwa sawa kila mahali isipokuwa YouTube. Video ya 4K ikianza, feni inalia na picha inaganda. Video hizo YouTube huzituma kwa VP9 au AV1, ambazo ni njia za kubana video, na vichakato vya Intel vilianza kuifungua VP9 kikamilifu kwa chombo chake maalumu kizazi cha saba. Changu ni cha nne, kinatumia nguvu za kawaida mpaka kinachoka. Niliweka h264ify kwenye kivinjari, kiongezi kinachoilazimisha YouTube kutuma video za H.264, natazama 1080, feni imenyamaza.

Mdau, Muscat

MacBook Pro ya 2014, inchi 15. HDMI yake nayo kwa 4K ni 30, natumia tundu lake la Thunderbolt. Jambo moja: ukichagua mwonekano wa 2560×1440 kwenye kioo cha 4K, Mac inachora kwanza 5120×2880 halafu inapunguza. Mzigo huo ni mkubwa. Chagua 1920×1080, vitu vinakuwa vikubwa lakini inapumua.

Muuguzi, Dodoma

Mimi nina T440, iko kizazi kimoja nyuma ya ile ya mleta mada. Nimenunua waya ule ule alioutaja, 60 haitokei kwenye orodha. Nimekosea wapi?

Fundi, Kariakoo

Hujakosea, dada. Vichakato vya kizazi cha nne vyenye herufi U mwishoni, kama hicho cha T440, vinaishia 3200×2000 kwa 60. Waya hauwezi kuongeza hapo. Ukisoma na kuandika ripoti, acha 4K kwa 30, macho yatanufaika na herufi. Ukitaka filamu, shusha hadi 1920×1080 kwa 60. Na kama kioo bado unaweza kukirudisha dukani, badili uchukue cha 2560×1440. Kina pikseli chini ya nusu ya hizo, na mashine yako itakiendesha kwa 60 bila kubembelezwa.