Hedseti za gemu zafaa kwa kazi pia, ama nanunua taa tu?

MzeeWaKisauni:
Salaam jamani. Mimi napokea simu za wateja nikiwa nyumbani, na hedseti ya kazi ishakatika waya upande mmoja. Usiku napenda kupiga mpira wa PS4, ile mashine ya gemu, na vijana, so nikaona badala ya kununua mbili ninunue moja ya gemu niitumie kote. Bajeti elfu tano, nikijikaza sita. Shida ni kwamba nyumba iko barabarani, tuktuk na bodaboda haziishi, na chumbani ni feni tu. Nlipita duka moja Digo Road hapa Mombasa jamaa akawa anansukumia moja ina taa za rangi imeandikwa 7.1, ati hiyo ndo moto. Kweli?

kijana_tudor:
Hiyo 7.1, yani ati spika saba na moja ya besi, isikuzuzue bro. Kwa bei hiyo ndani huwa mna spika mbili, moja kila sikio, hizo zingine ni programu ya kompyuta inaichezea sauti uhisi kama mtu yuko nyuma yako. Na nyingi za bei hiyo zina waya mbili, jeki ya sauti na yuesibi, halafu hiyo yuesibi kazi yake ni kuwasha taa basi! Wewe tafuta ya jeki, kwa PS4 unachomeka kwenye padi ya kuchezea na kwa laptopu yenye tundu moja la sauti na maiki unachomeka vilevile. Lakini tazama pini yenyewe kabla hujalipa, ikiwa na mistari mitatu myeusi ni sauti na maiki pamoja, ikiwa miwili ni ya kusikiliza tu, wateja watakuita haloo haloo mpaka wakate.

Umm_Bamburi:
Hakuna aliyetaja joto hapa, mwajua nyie mwakaa wapi? Mimi nafanya kazi ya kuandika sauti za watu, navaa hedseti kutwa, na kaskazi ikiingia ile ngozi bandia ya masikioni hulowa jasho, baadaye yaanza kubambuka vipande vyeusi vinabaki shavuni. Chukua yenye sponji za kitambaa, au angalau zinazotoka ubadilishe. Na isiwe nzito, hizi za gemu ni kubwa, yaeza kukukaa sawa dukani kisha baada ya saa mbili utosi wauma. Dada zangu wa mtandio nao, waya na maiki zipitisheni nje, zikiwa ndani kila ukigeuza kichwa maiki yasugua kitambaa na mtu wa upande wa pili asikia kwaru kwaru.

fundi_wa_sauti:
Kwa kazi yako mimi naona maiki ndo ya kulipia, mengine baadaye. Ya gemu yaja na ule mkono unaofika mdomoni na hapo ndo yashinda hizi iyabadi za kawaida za kutia ndani ya sikio, maana maiki ikiwa karibu na mdomo sauti yako yaizidi ya tuktuk. Iweke pembeni ya mdomo, sio mbele, pumzi itavuma, na feni usiielekeze usoni. Ukiona boksi limeandikwa inazuia kelele uliza ni za nani, mara nyingi ni ya maiki, yani mteja ndo hasikii kelele, wewe utazisikia zote. Za bluetuthi achana nazo kabisa, maiki ikiwaka sauti yote yashuka inakuwa kama ya simu, kwa gemu yachelewa, na PS4 haizikubali za bluetuthi za kawaida.

MzeeWaKisauni:
Shukran sana. Sasa dukani ntaijaribu vipi na yule jamaa ashanisimamia mbele?

fundi_wa_sauti:
Nenda na laptopu yako shekhe, jirekodi dakika moja ukisimama mlangoni ambapo magari yapita, kisha usikilize. Akikataa kufungua boksi toka, maduka ni mengi.

Umm_Bamburi:
Na uivae muda wote mkipatana bei 😂 risiti usisahau.