Naomba ushauri: nitumie jina la baba, au nilifiche kama alivyofanya Enrique Iglesias?

Msafiri wa Pangani (mwanzisha uzi)
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nina umri wa miaka 21, ninasoma biashara katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na ninatunga nyimbo tangu kidato cha tatu. Baba yangu aliimba taarabu, na Tanga nzima ukitaja jina la ukoo wetu, mtu wa makamo atakuuliza kama wewe ni mtoto wa fulani. Nina nyimbo tatu zilizokwisha kurekodiwa ambazo nataka kuzipeleka kwa kampuni ya muziki, lakini sijui niziwasilishe kwa jina lipi. Enrique, mtoto wa mwimbaji maarufu wa Hispania, Julio Iglesias, alipokuwa akitafuta kampuni hakutaka kubebwa na jina la baba yake. Nyimbo zake zilipelekwa kwa jina la Enrique Martínez, kana kwamba ni mwimbaji asiyejulikana kutoka Amerika ya Kati, hadi kampuni ya Fonovisa ikamchukua. Je, njia hiyo inanifaa? Sijalala vizuri kwa wiki nzima.

Mzee Kondo
Marahaba, mwanangu. Miaka ya 80 nilikuwa baharia, na sikumbuki bandari niliyoshuka nisisikie kaseti ya huyo Julio. Watu wengi hawajui kwamba alikuwa golikipa katika timu za vijana za Real Madrid, akapata ajali ya gari mwaka 1963 iliyomlaza muda mrefu, na gitaa alipewa na muuguzi ili azoeze vidole vyake. Mwaka 1968 akashinda tamasha la nyimbo la Benidorm. Mimi mwenyewe nilinunua gitaa Mombasa kwa sababu yake, na mke wangu marehemu alikuwa akinitania kwamba nyuzi zake zimeona chumvi nyingi kuliko vidole. Muziki unaotoka kwenye maumivu haufi, kwa hiyo tunga tu, jina litakufuata.

Mama Shamsa
Mwanangu, kabla ya jina nina maswali mawili. Nyimbo tatu studio si bure: nani alilipa? Na baba yako anajua?

Msafiri wa Pangani
Shikamoo mama. Fedha zilipatikana. Baba bado hajui, lakini Enrique naye alimficha baba yake. Naomba turudi kwenye suala la jina.

Mwalimu wa Jioni
Mdogo wangu, kwa kuwa umeelekea Hispania, mtazame na mwimbaji Rosalía. Alisomea uimbaji wa flamenko, muziki wa jadi wa huko, katika chuo cha juu cha muziki cha Katalunya kilichopo Barcelona, na albamu yake ya mwaka 2018, *El mal querer*, ilikuwa ndiyo kazi yake ya kuhitimu. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Latin Grammy ya albamu ya mwaka. Hakuona haja ya kuchagua kati ya darasa na wimbo. Natumaini wewe bado unahudhuria masomo yako.

Mama Shamsa
Bado sijajibiwa.

Msafiri wa Pangani
Naona nisiposema hamtanisaidia. Muhula uliopita sikufanya mitihani, na sikuandika barua ya kuahirisha masomo. Fedha za studio, shilingi laki tisa, alinipa dada aliyenilea tangu nikiwa na miaka miwili, na yeye alizikopa kwenye kikoba chao cha akina mama. Baba alikuwa safarini kila wakati, na dada ndiye aliyenipeleka shule na ndiye aliyeusikia wimbo wangu wa kwanza. Msinihukumu haraka. Enrique naye alikopa dola 500 kwa yaya wake ili arekodi nyimbo za majaribio, naye aliacha masomo ya biashara Chuo Kikuu cha Miami, na mwaka 1997, akiwa na miaka 21 kama mimi, akapokea Grammy. Mlango ukifunguka sitaki unikute kwenye chumba cha mtihani.

Nahodha 77
Ndugu zangu, tunashauri kivuli. Baba mwimbaji maarufu asiyekaa nyumbani, mtoto anayesoma biashara, yaya anayekopesha fedha, nyimbo tatu, jina la kubuni, na hata umri ni uleule. Haya si maisha ya kijana wa Tanga. Ni wasifu wa Enrique Iglesias uliopakwa mafuta ya nazi. Naomba wasimamizi waufunge uzi huu kabla watu hawajaendelea kumwaga machozi.

Mzee Kondo
Hata mimi nimeanza kuingiwa na wasiwasi. Kule Pangani kwenu ni mtaa gani?

Msafiri wa Pangani
Sitautaja mtaa, kwa sababu baba atajulikana. Lakini ndugu Nahodha, vinafanana kwa sababu mimi ndiye niliyevifananisha. Nilisoma habari za Enrique nikiwa kidato cha nne na nikaona kama nimeandikiwa barua. Baba na dada sikuwachagua. Mengine yote niliyachagua. Nisingewahi kumwomba dada fedha kama nisingesoma kwamba Enrique alimwomba yaya. Biashara niliichukua kwa sababu yeye aliichukua. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Kinanda
Mimi ninakuamini, na kwa sababu hiyo nitasema kwa uzito. Uliyoyafuata ni ya kweli, ila mpangilio wake umeupindua. Enrique alipata kwanza mkataba na Fonovisa, ndipo akaacha chuo na kwenda Toronto kurekodi albamu yake. Wewe umeacha chuo ili uutafute mkataba. Tena, nyimbo zake zilipelekwa na meneja aliyewahi kufanya kazi na baba yake, mtu aliyejua kila mlango wa biashara hiyo, kwa hiyo jina lilifichwa lakini njia ilikwisha kufyekwa. Na hata kulelewa na yaya kulikuwa na kisa chake: mwishoni mwa mwaka 1981 babu yake, daktari, alitekwa na ETA, kundi la wapiganaji waliotaka eneo la Basque lijitenge na Hispania, akaokolewa mwezi uliofuata, na watoto wakapelekwa Miami kwa ajili ya usalama wao. Dola 500 zilikuwa deni zito kwa yaya, lakini nyumba ile ingeweza kulilipa siku yoyote ambayo kijana angefungua mdomo. Dada yako anadaiwa na wenzake anaokaa nao mkekani kila wiki. Kikoba kinavunjwa lini?

Msafiri wa Pangani
Desemba. Amekwisha kuulizwa mara mbili na mwekahazina, na mara zote mbili amesema fedha zipo njiani.

Mama Shamsa
Mimi ni mwekahazina wa kikoba chetu, mwanangu, na ninajua sura ya mwanamke anayesema hivyo. Nenda kwake kabla ya kikao kijacho, hata kama huna senti, ili asiwe peke yake. Barua ya chuo iandike leo, kwa kuwa kuchelewa kunasameheka kuliko kunyamaza. Na baba yako mwimbaji, unadhani atachukia kuimba au atachukia kufichwa?

Msafiri wa Pangani
Barua nitaiandika. Kwa dada nitakwenda Jumamosi. Kurudi darasani siwezi kuahidi mpaka kampuni inijibu, na kwa baba nipeni muda. Lakini hakuna aliyejibu swali langu la jina.

Kinanda
Nalijibu. Jina la Martínez lilikuwa la kubishia hodi tu. Mkataba ulipopatikana liliwekwa kando, na albamu ya mwaka 1995 ikatoka ikiitwa Enrique Iglesias, jina la ukoo likisomeka wazi kwenye jalada. Yaya naye hakufichwa, kwa maana albamu hiyo ya kwanza kijana aliitabaruku kwake.

Msafiri wa Pangani
Hilo la mwisho sikulisoma popote.