Manikarnika: mgeni asimame kutazama maiti zikichomwa, au apite?

Mpiga_Kasia
Wakuu, mada hii hurudi kila Novemba hadi Februari, watalii wanapojaa Varanasi, India. Ghati ya Manikarnika (ghati ni ngazi za mawe zinazoshuka hadi mtoni) huchoma maiti usiku na mchana. Wahindu wanaamini anayefia Kashi, jina la kale la mji huu, ameepukana na kuzaliwa tena na tena. Waongoza watalii nao wameshaipachika kwenye ratiba, katikati ya hekalu la Kashi Vishwanath na ibada ya taa ya jioni pale ghati ya Dashashwamedh. Je, mtu asiye na maiti pale asimame ngazini atazame?

Mimi nasema apite kwa mashua, asishuke. Sizungumzii dini, nazungumzia nafasi. Maiti huja kwa machela ya mianzi kupitia vichochoro, wabebaji wakiitikiana "Ram naam satya hai". Huchovywa mtoni, hulazwa ngazini maji yachuruzike. Mfiwa mkuu, mara nyingi mtoto wa kiume wa kwanza, kanyolewa kichwa na kajifunga kitambaa cheupe kisicho na mshono. Anakwenda kwa Wadom, tabaka linalotunza ule moto usiozimwa, anarudi na kaa lililoshikwa ndani ya fungu la nyasi kavu, anazunguka kuni mara tano, ndipo anawasha. Muda wa saa tatu hivi ukipita, anachukua mtungi wa maji ya mto Ganga (Ganges), anautupa kwa nyuma juu ya bega, anaondoka bila kugeuka. Kugeuka ni mwiko. Basi ngazi anayoondokea ni ileile nyembamba ambayo watalii ishirini wamejipanga na simu zao. Hawezi kuwakwepa, na nyuma haruhusiwi kutazama.

Jivu_Baridi
Mkuu, msongamano unatatuliwa kwa kupanga watu. Hauwi sababu ya kumfungia mgeni ghati nzima.

Miji mingi ya India iliweka mahali pa kuchomea nje ya makazi. Kashi ilipaweka katikati, na moto ukaachwa wazi. Ng'ombe wanakula mashada ya maua yaliyotoka kwenye machela, wauza chai wanapita, watoto wanarusha tiara. Hakuna aliyeficha kitu. Anayepita kwa mashua anaona nini? Moshi na doa la rangi ya chungwa. Haoni kuni zikipimwa kwenye mizani mikubwa kando ya vibanda, wala haelewi kwamba maiti ya mtu mzima inakula kilo 300 na kitu. Haoni kwamba nyingi ya kuni hizo ni za mwembe, na kwamba msandali unaosifiwa vitabuni, kwa familia ya kawaida, ni konzi ya unga inayonyunyizwa juu pamoja na samli na utomvu wa kuwashia. Familia ikinunua pungufu, au kuni zikiwa mbichi msimu wa mvua, mwili hauishi vizuri. Hata ukiisha, kwa wanaume hubaki mfupa wa kifua na kwa wanawake wa nyonga, na mifupa hiyo hutupwa mtoni. Mambo haya mtu huyaelewa akisimama karibu.

Na sisi Waswahili tuna usemi wetu: msibani mtu haalikwi.

Bi_Zamu
Haalikwi, kweli, ila akifika anakaa chini, anatoa pole, anatia mkono mfukoni au anashika jembe. Hakuna anayesimama mlangoni kuhesabu nani kalia na nani hakulia.

Tena mnajadili utazamaji kana kwamba ni wa bure. Mgeni akikaribia Manikarnika hutokea kijana mwenye Kiingereza cha kunyooka. Anaapa kuwa hataki hela, yeye ni wa "nyumba ya wanaosubiri kufa". Anampandisha ghorofani kwenye jengo chakavu linalotazama moto, anamweleza kila hatua, na mengi ni ya kweli. Kisha anatokea bibi mzee, anamwekea mgeni mkono kichwani kumbariki. Hapo ndipo inapoanza hesabu: kilo ya kuni bei kadhaa, mwili mmoja kilo 300, changia walau kilo 20 za maskini. Ukisita, upole wote unakwisha, unaambiwa utajiletea balaa. Mzani uko chini na mnunuzi ni familia. Hela ya ghorofani haiufikii.

Nyumba ya kweli ya namna hiyo ipo, Mukti Bhawan, tangu 1958. Ina vyumba 12, na mgonjwa hupewa wiki mbili hivi. Iko ndani ya mji, si ghatini, na haitumi vijana kuvizia watu ngazini.

Ulaji wa pili ni "kibali cha picha". Wadom wanafanya kazi kwa zamu za kifamilia. Hata ukimlipa Mdom halisi, zamu ikibadilika anayefuata hakujui, na hakuna hata mmoja wao mwenye mamlaka ya kuuza uso wa marehemu wa watu. Mwenye ruhusa ni yule aliyenyolewa kichwa. Nani atamwendea saa ile?

Kariokor_Road
Kutoka Nairobi. Dada Bi_Zamu, huku kwetu ukienda matanga bila mpiga video, watu wanauliza kulikoni. Kwa hiyo hii habari ya kwamba kamera ni matusi kwa maiti si ya kila mahali.

Lakini hata sisi tunakata mstari kwenye moto. Wangari Maathai aliagwa Oktoba 2011 hadharani, Uhuru Park, kwa mazishi ya kitaifa, kisha mwili ukachomwa Kariokor faraghani. Bob Collymore, aliyekuwa bosi wa Safaricom, alifariki tarehe 1 Julai 2019, kesho yake akachomwa palepale, watu wa karibu tu. Kariokor ni mahali pa Wahindu na penyewe pana ukuta. Kwa hiyo kuaga ni kwa wote, moto ni wa familia. Kwa nini Manikarnika ihukumiwe tofauti?

Jivu_Baridi
Kwa sababu Manikarnika haina ukuta, ndugu yangu! Unachukua desturi ya Nairobi unaipeleka Kashi. Na kama ni faragha, mbadala upo: pale Harishchandra, ghati ndogo ya kusini, lilijengwa tanuri la umeme mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni nafuu na halili kuni. Bado wengi wanakwenda kwenye kuni, kwa kuwa tanurini hakuna kuzunguka mara tano wala kapal kriya, yaani mfiwa kupasua fuvu kwa mti wa mwanzi moto unapokaribia kwisha, ili roho itoke.

Nakubali jambo moja: hapo kwenye kapal kriya ndipo wageni wanapoharibu. Mlio unasikika, mmoja anapiga yowe, mwingine anacheka kwa woga. Asiyeweza kunyamaza hapo asishuke.

Ila msiwasemee Wadom kama watu wasio na kauli. Jagdish Chaudhary, aliyekuwa Dom Raja (mkuu wa Wadom), alifariki 2020, na 2021 serikali ikamtunuku nishani ya Padma Shri. Wangetaka ghati ifungiwe wageni, wangeshasema.

Bi_Zamu
Wadom wana kauli, sijakataa. Nilisema marehemu si wao.

Mpiga_Kasia
Turudi mtoni, maana naona mashua inadharauliwa.

Ganga hapa inatiririka kutoka kusini kwenda kaskazini. Ghati ya Assi iko kusini, Manikarnika kaskazini, umbali wa kama kilomita tatu. Pandia Assi alfajiri ushuke na mkondo. Ghati zote zinatazama mashariki, jua linazipiga usoni, na mpiga makasia haumii. Ukianzia Dashashwamedh ukataka kupanda hadi Assi, mnapingana na maji, na hapo ndipo nahodha anapoanza kudai nyongeza katikati ya safari. Patana bei ya chombo kizima, muda, na ghati ya kushukia kabla hujakanyaga ubao. Weka na sharti moja: kamera inazimwa mkifika ghati ya Lalita, na mashua haifungwi Manikarnika. Ikifungwa, "mwangalizi" wa uongo ataruka ndani kudai ada.

Julai hadi Septemba sahau mashua. Alama ya tahadhari ya mto hapa ni mita 70.262, ya hatari 71.262; mwaka 1978 ulifika 73.901. Maji yakipanda, serikali inapiga marufuku vyombo, ngazi zinazama, uchomaji wa Manikarnika unahamia majukwaa ya juu na wa Harishchandra unaingia vichochoroni. Familia zinasubiri zamu kwa saa nyingi kwenye uchochoro ambao machela mbili hazipishani. Mtalii anayejipenyeza pale siku hiyo sina neno zuri la kumwita.

Kariokor_Road
Na wanawake? Inasemwa hawaruhusiwi.

Bi_Zamu
Desturi inawataka wanawake wa familia wabaki nyumbani, kwa imani kwamba kilio kinaizuia roho kuondoka. Mgeni wa kike hafukuzwi. Afunike mabega na miguu, akae kimya.

Jivu_Baridi
Basi nipendekeze njia ya kati. Tangu 13 Desemba 2021, ujia mpana wa hekalu la Kashi Vishwanath umeunganisha hekalu na mto, unatokea Lalita, hatua chache kabla ya Manikarnika. Hekaluni simu haziingii; unaiacha kwenye kabati, geti la upande wa mjini. (Wenye maduka jirani wanakuwekea bure ukinunua maua na peremende zao za sadaka.) Mgeni na achukue pasipoti, aingie hekaluni kwanza, atokee mtoni, ndipo afike Manikarnika. Hana simu, kwa hiyo hana picha wala "kibali". Asimame juu, upande wa lile hekalu lililoinama, Ratneshwar Mahadev, mbali na njia ya machela. Dakika kumi zinamtosha.

Mpiga_Kasia
Umesahau viatu. Navyo vinabaki getini na simu. Atashuka Manikarnika pekupeku, kwenye vibanzi vya kuni na majivu yenye makaa ndani.

Jivu_Baridi
Mfiwa mkuu naye yuko pekupeku.

Mpiga_Kasia
Yeye ana maiti pale. Mgeni wako aliyeungua unyayo atambebesha nani?