Kikundi cha mwani Tanga: taarifa haziwafikii wote, tufanyeje?

Katibu_Tanga: Habari wadau. Ni katibu wa kikundi cha akina mama wa mwani. Kazi yetu inafuata bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yakitoka mbali. Siku ni chache, na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Sasa mwenyekiti wetu anatuma sauti ndefu kwenye grupu la WhatsApp: salamu, misiba, michango, na saa ya kwenda baharini anaitaja mwishoni kabisa. Nusu ya wanachama wana simu za kitochi. Bamvua iliyopita mnunuzi alikuja kupima, mwani wa wenzetu bado uko majini. Bibi mmoja alilia mbele yangu, iliniuma sana. Nimwambieje mwenyekiti bila kumvunjia heshima? Ni mtu mzima, na anajituma kweli.

MwanaPangani: Pole dada. Usimsemee kikaoni. Mfuate nyumbani jioni, mpe shikamoo yake, umweleze habari za huyo bibi. Ataelewa.

Nahodha: Saa na mahali vitangulie, mengine baadaye. Kila mwenye simu janja apewe jirani wa kumpigia, na jirani aseme mwenyewe alichosikia: "saa nne asubuhi, nije na kamba." Akiitikia "haya" tu, usikate simu.

Katibu_Tanga: Ahsanteni sana. Hilo la kurudia nimelipenda. Jioni naenda kwake, na nitaomba tuweke ubao pale kwenye chanja za kuanikia.